Jicho Zima Linalouma

Mgonjwa anasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa, bila miwani. Daktari anamdondoshea rangi ya manjano jichoni, anawasha taa ya buluu ya darubini na kuikagua konea: hakuna kidonda, hakuna mchubuko, hakuna doa lililonyonya rangi. Palipopasuliwa pameunga vizuri. Kwenye faili inaandikwa kwamba upasuaji umefanikiwa. Mgonjwa huyohuyo anatoka nje amevaa miwani ya jua siku ya mawingu. Nyumbani hakai chini ya feni, ofisini amehama meza ili kiyoyozi kisimpulizie usoni, na usiku akishafumba macho bado yanawaka. Ni mwezi wa nane sasa tangu apigwe leza.

Wote wawili wanasema kweli. Lakini kwa miaka mingi kauli hizo zilipogongana, ya darubini ndiyo iliyoshinda. Mgonjwa aliambiwa ana macho makavu, akaongezewa matone. Matone yaliposhindwa akaambiwa apunguze mawazo, avute subira, pengine aonane na daktari wa akili. Darubini haikukosea katika ilichokiona, ila ilitazama mahali ambapo ugonjwa haupo. Upasuaji wa kurekebisha uoni huuzwa kama kazi ya lenzi, ya kumwondolea mtu adha ya miwani. Kwa mwili, huo ni upasuaji wa mishipa ya fahamu, na faida na hasara zake zinapaswa kupimwa hivyo tangu siku ya kutia saini karatasi ya ridhaa.

Konea ni ile sehemu ang'avu iliyo mbele ya mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na haina hata mshipa mmoja wa damu, kwa kuwa damu ingeutia giza mwanga unaopita. Kwa mishipa ya fahamu, yaani neva, hakuna ngozi inayoikaribia: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya mara 300 na 600 ya wingi wa neva za ngozini. Ndiyo maana chembe ya vumbi ambayo kiganja hakiisikii inamlazimisha dereva wa bodaboda kusimama katikati ya barabara. Neva hizo ni matawi ya neva ya tano ya kichwa, trijemino, ileile inayobeba maumivu ya jino, taya na kipaji cha uso. Huingia kwenye konea kutoka pembezoni pande zote, hupita katika tabaka la kati, kisha hupanda na kutandaa chini ya utando wa nje kabisa.

Kazi zao hazifanani. Zipo zinazoshtuka zikiguswa, zipo zinazoitikia joto kali, kemikali na uvimbe, na zipo zinazosikia baridi. Hizi za mwisho ndizo zilizomshughulisha mtafiti Carlos Belmonte na wenzake wa Alicante, Hispania. Machozi yanapokauka juu ya konea hutokea ubaridi kidogo sana, na ubaridi huo ndio unaoziarifu neva kwamba wakati umefika wa kupepesa jicho au kutoa machozi mapya. Kipokezi kinachofanya kazi hiyo, kiitwacho TRPM8, ni miongoni mwa ugunduzi wa David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ukishalielewa hilo, nusu ya fumbo letu imefumbuka. Neva inayotoa habari ya ukavu ndiyo hiyo inayokatwa siku ya upasuaji. Ikipona vibaya, itaendelea kutangaza ukavu na mwasho hata jicho likiwa limelowa chepechepe. Mgonjwa atasema macho ni makavu, kipimo cha machozi kitasema hayapungui, na hapo mabishano yataanza.

Wazo la kuichonga konea ni la zamani kuliko leza. José Ignacio Barraquer alilianza Bogotá, Colombia, katikati ya karne iliyopita: alikata kipande cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakichonga kwa mashine na kukirudisha mahali pake. Miaka ya 1970 Svyatoslav Fyodorov wa Moscow akaeneza mtindo wa kuchanja konea kwa mistari inayotoka karibu na katikati kwenda pembeni. Leza nayo ilianzia kwenye mabaki ya sikukuu. Novemba 1981, Rangaswamy Srinivasan, mkemia wa kampuni ya IBM huko New York, alichukua masalia ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani akayapiga kwa leza ya eksima, mwanga wa urujuanimno wenye mawimbi ya nanomita 193. Nyama ikakatika safi bila kuungua pembeni. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akishirikiana naye akaonyesha kwamba konea nayo inachongeka hivyo, na kabla ya muongo kwisha Ioannis Pallikaris wa Krete, Ugiriki, alikuwa ameunganisha leza hiyo na mbinu ya kukata kifuniko, akaupa upasuaji huo jina la LASIK. Marekani iliidhinisha leza ya eksima kwa kurekebisha uoni mwaka 1995. Katika safari yote hiyo maswali makubwa yalikuwa usahihi wa namba, kovu, na uimara wa konea. Neva zilichukuliwa kama nyasi: zikikatwa zitaota.

Na kweli huota, ila polepole na si kwa mpangilio wa awali. Katika LASIK daktari hukata kifuniko chenye upana wa milimita nane au tisa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, hukifunua, leza huchonga chini yake, kisha hukirudisha. Neva zilizo kwenye njia ya mkato huo hukatika, isipokuwa zile zinazopita upande ulioachwa kama bawaba. Mbinu ya PRK haina kifuniko: utando wa juu hukwanguliwa na leza huchonga palepale zilipo ncha za neva, na ndiyo sababu siku zake za mwanzo huwa na maumivu makali zaidi. Katika mbinu ya SMILE leza huchora kisahani ndani ya konea, nacho huvutwa nje kupitia tundu la milimita chache. Neva zinazokatika ni pungufu, lakini zipo. Watafiti wa Mayo Clinic huko Minnesota waliofuatilia macho yaliyofanyiwa upasuaji waliripoti mwaka 2005 kwamba wingi wa neva za chini ya utando ulikaribia kurudi kama zamani baada ya miaka miwili kwa PRK, na baada ya miaka mitano kwa LASIK. Miaka mitano, kwa kazi ambayo kwenye matangazo huchukua dakika chache.

Kwa watu wengi uponyaji huo hutokea kimyakimya. Macho huwa makavu kwa wiki au miezi, matone hutosha, na habari huishia hapo. Kwa wachache neva hukosea njia. Ncha zilizokatwa huota vinundu vidogo vinavyotoa ishara bila kuchokozwa. Neva za jirani hupunguza kiwango cha kustahimili, kiasi kwamba upepo wa kawaida husikika kama moto. Ishara hizo zikidumu, vituo vya shina la ubongo vinavyozipokea navyo hubadilika, vikaanza kuzikuza na hatimaye kuzalisha maumivu vyenyewe. Hapo jicho linakuwa limeshaachwa nyuma; unaweza kulitia ganzi lote na mgonjwa akaendelea kuumwa. Kuna jambo jingine linalowachanganya hata madaktari: konea hiyohiyo inayouma inaweza kuwa imekufa ganzi ikiguswa na uzi wa pamba. Ganzi na maumivu hukaa pamoja pale neva iliyokatwa inapoacha kupeleka habari za kweli na kuanza kutunga zake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kulielewa hilo, kwa maana mkanda wa jeshi tunaufahamu, hasa tangu UKIMWI ulipoingia. Malengelenge hukauka, ngozi hupona, na miezi mingi baadaye mtu bado hawezi kuvaa shati kwa sababu kitambaa kikimgusa tu ubavuni anaungua. Hakuna anayemwambia huyo kwamba anajifanyisha. Aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari naye huumwa vidole ambavyo havipo tena, na wauguzi wanalijua hilo. Maumivu ya konea baada ya leza ni ya ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba yamempata mtu aliyeingia hospitalini akiwa mzima, kwa hiari yake, kwa pesa zake.

Ni wangapi? Swali hili ndilo lenye ugomvi mkubwa, na jibu hutegemea nani aliulizwa nini, na nani aliyeuliza. Mapitio ya tafiti za dunia yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba asilimia 95.4 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika. Namba hiyo imebandikwa kwenye matangazo ya kliniki nyingi, na siitilii shaka. Lakini kuridhika na kutoumwa ni mambo mawili. Mtu aliyekuwa hawezi kumtambua mwanawe upande wa pili wa barabara anaweza kuridhika kwa dhati huku akidondoshea matone kila saa.

Utafiti wa maana zaidi ulifadhiliwa na serikali ya Marekani yenyewe. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi hiyo, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Macho na Wizara ya Ulinzi, walianzisha mradi wa kuwauliza wagonjwa moja kwa moja kupitia dodoso, kwanza wanajeshi wa majini na kisha raia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kuridhika kulikuwa juu, zaidi ya asilimia 95. Wakati huohuo, kati ya watu ambao hawakuwa na dalili za ukavu wa macho kabla ya upasuaji, hadi wapatao 3 kati ya 10 walikuwa nazo miezi mitatu baadaye. Wenye kero mpya za uoni, kama miale na miduara kuzunguka taa, walikaribia nusu ya wale waliokuwa hawana kero hizo mwanzoni. Waliokwama kabisa kufanya shughuli zao kwa sababu ya kero hizo za uoni hawakufika asilimia moja. Kwangu, lililo zito zaidi katika utafiti ule ni jingine: wagonjwa walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuzitaja dalili zao za uoni kwenye dodoso kuliko kumwambia daktari wao.

Hilo peke yake linaeleza kwa nini daktari mwaminifu aliyepasua maelfu ya macho anaweza kuapa kwamba hajaona tatizo. Wanaoumwa hawarudi kwake. Wanatafuta daktari mwingine, kisha mwingine. Au wanarudi na kusema ni nafuu, kwa haya, maana wao wenyewe ndio waliochagua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Miezi mitatu, kipimo cha utafiti ule, ndipo pia Shirika la Afya Duniani linapoweka mstari: katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu baada ya upasuaji yamepewa nafasi yake kama ugonjwa. Wapasuaji wa ngiri wamekubali muda mrefu kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu ya kudumu ya kiwango fulani, na siku hizi hulisema kabla ya kupasua. Wapasuaji wa matiti na wa kifua vilevile. Kwa nini tishu yenye neva nyingi kuliko karibu zote mwilini iwe ndiyo pekee isiyo na tatizo hilo? Maumivu makali ya kulemaza baada ya leza ni nadra, hilo sina ugomvi nalo. Ila waliofanyiwa upasuaji huu duniani ni makumi ya mamilioni. Hata kama ingekuwa mtu mmoja katika kila elfu, hesabu hiyo inazaa makumi ya maelfu ya watu.

Baadhi yao wamejitokeza hadharani. Aprili 2008, huko Gaithersburg, Maryland, FDA iliitisha kikao ambacho wagonjwa na ndugu zao, akiwemo mzazi aliyefiwa na mtoto aliyejiua, walieleza yaliyowapata. Mwaka 2011 Morris Waxler, aliyekuwa ofisa wa mamlaka hiyohiyo na aliyeshiriki katika kuidhinisha leza hizi miaka ya 1990, aliwasilisha ombi rasmi idhini ifutwe. Ombi lilikataliwa. Julai 2022 FDA ikatoa rasimu ya mwongozo unaotaka wagonjwa waelezwe wazi, kabla ya kuamua, kuhusu macho makavu, kuona vitu viwiliviwili, taabu ya kuendesha gari usiku na maumivu ya macho yasiyokoma. Vyama vya madaktari wa upasuaji huo vikalalamika kwamba rasimu inatia chumvi madhara na kusahau faida. Ukiusoma ubishi wao vizuri utaona kwamba pande zote mbili zinatumia takwimu zilezile. Mmoja anahesabu waliopona, mwingine anahesabu waliobaki.

Aliyelifungua suala hili kitabibu ni Perry Rosenthal wa Boston, daktari aliyekuwa akitengeneza lenzi kubwa za kuhifadhi macho yaliyoharibika. Alipokea wagonjwa waliokuwa wakiumwa sana huku konea zao zikionekana safi, na mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha makala iliyouliza kama maumivu ya konea bila madoa ya rangi ni kitu halisi. Jibu lao lilikuwa ndiyo. Tangu hapo mambo yamesogea. Kwa darubini maalumu inayoona ndani ya konea hai, timu ya Pedram Hamrah, wakati huo naye akiwa Boston, imeonyesha neva zilizopungua, zilizojikunja, na vinundu kwenye ncha zake. Baadhi ya watafiti wameona vinundu vya namna hiyo hata kwa watu wasioumwa, hivyo picha peke yake haimalizi kesi. Anat Galor na wenzake wa Miami wameonyesha jinsi dalili na vipimo vya macho makavu vinavyoachana mara kwa mara, na jinsi wanaoumwa macho wanavyokuwa mara nyingi na maumivu sugu kwingineko mwilini. Mwaka 2017 kongamano la kimataifa la wataalamu wa machozi liliandika upya maana ya ugonjwa wa macho makavu na kuingiza ndani yake kasoro za neva.

Lakini kipimo kilicho muhimu kuliko vyote ni cha bei ya chini, na zahanati yoyote yenye chumba cha macho inaweza kukifanya. Mgonjwa anaulizwa maumivu ni mangapi kati ya kumi, anadondoshewa tone moja la dawa ya ganzi, na baada ya dakika moja au mbili anaulizwa tena. Yakiisha, chanzo kiko kwenye konea. Yakipungua nusu, yako kwenye konea na ubongoni. Yasipobadilika, au yakizidi, neva za ndani na ubongo ndizo zinazoyatengeneza, na hakuna tone litakaloyafikia. Kipimo hiki si kamili, lakini kinatenganisha njia mbili za tiba, na kinamwepusha mgonjwa na miaka ya kununua matone ya kila chapa.

Tone hilo la ganzi lisiende nyumbani na mgonjwa. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanalijua vizuri: mwali wa umeme ukiwaunguza macho, tone moja huondoa maumivu papo hapo, na anayeipata chupa atairudia. Dawa hiyo ikitumiwa kwa kurudiarudia huua seli za utando wa konea, huzuia kidonda kupona, na inaweza kuyeyusha konea hadi itoboke. Katika miji yetu, ambako maduka ya dawa huuza matone ya macho kama peremende, hatari hiyo si ya kufikirika. Ndugu yake ni matone ya steroidi, ambayo mtu hujinunulia kwa sababu jicho lilitulia mara ya kwanza, na baada ya miezi kadhaa yanampandishia presha ya macho bila yeye kujua mpaka uoni wa pembeni umeshaondoka.

Tiba zenyewe hazina muujiza. Kama konea ndiyo chanzo, hatua ya kwanza ni kuondoa kila kinachoichokoza: kutibu kingo za kope zilizovimba, kutumia machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, kutuliza uvimbe kwa steroidi chini ya uangalizi. Matone yanayotengenezwa kwa majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe yana viini vinavyosaidia neva kukua, na baadhi ya vituo vimeripoti nafuu nzuri. Yanahitaji maabara safi na jokofu la kuaminika. Lenzi kubwa zinazobeba dimbwi la maji mbele ya konea huikinga na hewa, ingawa si kila jicho linalouma hustahimili kuguswa. Kama ubongo umeshashiriki, dawa ni zile za maumivu ya neva: gabapentini, pregabalini, nortriptilini, duloksetini, karbamazepini. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu hazifanyi kitu cha maana hapa. Kwa nchi zetu hili lina upande wa heri. Amitriptilini, ya ukoo mmoja na nortriptilini, pamoja na karbamazepini ni dawa za zamani, za bei ndogo, zipo hata katika hospitali nyingi za wilaya kwa ajili ya kifafa na huzuni. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha jicho na dawa hizo. Daktari wa macho hajazoea kuziandika, na daktari wa mishipa ya fahamu hajazoea kutibu macho. Kupona kabisa hutokea kwa baadhi. Kwa wengi lengo la kweli ni kuyashusha maumivu kutoka yanayotawala siku hadi yanayovumilika, na kazi hiyo huchukua miezi.

Suala la akili linahitaji kusemwa bila kuficha. Maumivu yasiyokoma, tena yanayokanushwa, huleta huzuni kubwa na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Jicho halina mapumziko, maana kuliacha wazi ni kuumwa, na kulifumba ni kuacha kazi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji msaada wa afya ya akili haraka. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumwambia kwamba maumivu haya yanaweza kumvunja, twende tukamwone mtaalamu, na kumwambia kwamba maumivu haya yako kichwani mwake tu.

Nani yuko hatarini zaidi? Hakuna kipimo cha damu cha kulitabiri hili, ila dalili za tahadhari zinafahamika: ukavu wa macho kabla ya upasuaji, kipandauso, maumivu sugu ya mwili au ya tumbo, wasiwasi na huzuni, maumivu makali yasiyo ya kawaida siku zile za kwanza. Halafu kuna mtego. Wengi wanaoutafuta upasuaji huu ni wale walioshindwa kuvaa lenzi za kubandika machoni kwa sababu zinawawasha. Kuwashwa huko mara nyingi ni dalili ya macho makavu. Kwa hiyo sababu inayomleta mtu kwenye leza inaweza kuwa ndiyo ambayo ingemzuia, kama kungekuwa na aliyemuuliza.

Maswali yanayoulizwa huenda yakawa mengine kabisa. Katika maelekezo ya awali ya leza hizi huko Marekani, watu wenye makovu ya kuvimba ya ngozi, yanayowapata zaidi watu weusi, walitajwa kama wasiofaa au wa kuangaliwa kwa tahadhari, kwa hofu kwamba konea nayo ingevimba kovu. Tafiti za baadaye kwa Wamarekani weusi zikaonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi mkubwa. Ngozi ya mgonjwa ilikaguliwa kwa makini. Historia yake ya maumivu haikuguswa.

Huku kwetu leza si jambo la watu wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la uoni, na kwa angalau bilioni 1 kati yao lingeweza kuzuiwa au bado halijahudumiwa. Mwanafunzi wa sekondari Tabora asiyeona ubaoni anahitaji miwani, na bibi mwenye mtoto wa jicho anahitaji ule upasuaji wa kuwekewa lenzi ambao hospitali kama KCMC, CCBRT na Kikuyu zimeufanya kwa miaka. Huo nao hukata neva chache za konea, na maumivu yanayofanana na macho makavu yameripotiwa kudumu kwa baadhi ya waliofanyiwa, lakini hapo mezani kuna upofu. Mizani ya kijana mwenye miwani inayomwezesha kuona vizuri ni nyingine. Anapima usumbufu mdogo na wa hakika dhidi ya hatari ndogo ya kitu kikubwa.

Leza ipo Nairobi na katika miji mingine michache, na wenye uwezo huunganisha na safari ya India au nchi za Ghuba. Matangazo yake yanavutia vijana wanaoomba kazi za jeshi, za urubani, za mbele ya kamera. Sioni sababu ya kuwakataza. Ninachokiona ni pengo: upasuaji unafanyika katika nchi moja, maumivu yanaanza katika nyingine, na daktari wa nyumbani anaulizwa juu ya jicho ambalo hajui lilikuwaje kabla. Aliyepasua anajibu kwa ujumbe wa simu kwamba ni ukavu, utaisha. Wa nyumbani anasita kugusa kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo, kwa anayekwenda, jambo la kufanya kabla ya kuondoka kliniki ni kudai nakala ya faili lake lote: ramani ya konea na unene wake kabla ya kupasuliwa, kipimo cha machozi na matokeo yake kama kilifanywa, aina ya upasuaji, unene wa kifuniko, kiasi cha konea kilichochongwa, na dawa alizopewa. Daktari wa Dodoma au Mombasa akiwa na karatasi hizo na chupa moja ya matone ya ganzi ana pa kuanzia. Bila hizo, atampima mgonjwa uoni, atakuta anaona vizuri, na atamwandikia matone.